Siku Nilipofunga Tivi ya Susana

Watu wa Migori wanajua mimi sipandi paa la mtu. Mteja akinionyesha mabati yake akitaka antena ikae pale juu, namwambia goti langu la kushoto limekataa ngazi, atafute mtu wa kupanda, mimi nitasimama chini nimwelekeze. Goti halina shida yoyote. Huo ni uwongo wangu, ninao tangu mwaka wa tisini na sita, na nimechoka nao.

Jina langu ni Maroa. Mimi ni Mkuria, fundi wa redio na televisheni, na kibanda changu kilikuwa sokoni Migori, kimeegemea duka la Issack, Msomali aliyekuwa akiuza saa, tochi na redio. Kazi yangu naijua. Utasema ninajisifu, na ni kweli najisifu, lakini uliza mtu yeyote wa wakati ule. Nilikuwa nikiletewa redio iliyoanguka ziwani, imejaa mchanga, na kesho yake mwenyewe anaichukua ikisoma habari. Hasira ninazo pia, hilo halifichiki. Mtu akisimama nyuma yangu kuniambia waya mwekundu uende wapi, namkabidhi bisibisi na kumwambia aendelee yeye.

Mbele ya kibanda changu alikuwa mama mmoja anaitwa Helen, muuza viatu vya mitumba, mzaliwa wa Uriri. Helen ana mdomo, mimi nina mdomo, kwa hivyo kutwa ilikuwa ni kutaniana. Asubuhi moja alikuja bila utani. Aliketi kwenye stuli ya wateja, akaniambia dada yake ameolewa Rusinga, na bwanake amekufa miezi mitatu iliyopita.

"Pole sana," nikasema.

"Pole utanipa baadaye. Nataka uende ukamfungie tivi."

Nilimwangalia. Mtu amefiwa, matanga hayajapoa, na anataka tivi. Nikafungua mdomo kusema neno, Helen akaniwahi.

"Ngoja kwanza, Maroa. Mara moja tu katika maisha yako, ngoja mtu amalize."

Basi akanieleza. Dada yake ni Susana. Bwanake, Joash, alikuwa dereva wa lori za masafa marefu. Alinunua televisheni, deki ya video na antena yake, akazileta Rusinga zikiwa kwenye maboksi, akasema atazifunga mwenyewe akipata likizo. Likizo aliyopata ilikuwa ya kansa ya koo. Maboksi yakakaa chini ya kitanda. Alipoona hatapona, alimwita mtu wa kupiga video za harusi kutoka Homa Bay, akakaa kwenye kiti mbele ya nyumba yake, akatoa wasia kwenye kaseti. Sasa ukoo umeitisha kikao Ijumaa mchana ili Susana akabidhiwe kwa ndugu wa marehemu, mtu anaitwa Ogweno, amrithi.

"Na dada yako hamtaki," nikasema.

"Ogweno amezika wake wawili. Akarithi mjane wa binamu yake, huyo naye wakamzika mwaka jana. Yeye mwenyewe siku hizi suruali anafunga na kamba. Unajua ni nini."

Nilijua. Miaka ile kila mtu alijua, na hakuna aliyekuwa akiutaja ugonjwa ule kwa jina. Tulikuwa tukienda mazishi kila wiki na tukirudi tunaambiana ni malaria, au ni kifua. Na sisi tuliosema hivyo tulikuwa watu wa kanisa.

"Susana ana watoto watatu, wa mwisho bado ananyonya," Helen akaendelea. "Joash kwenye hiyo kaseti amesema asirithiwe kwa nguvu. Wazee wakimsikia kwa sauti yake mwenyewe, wataogopa kumpinga. Wasipomsikia, Ijumaa hiyo hiyo Ogweno anaingia na mkeka wake, na mimi nitamzika dada yangu. Umeelewa sasa ni tivi ya nini?"

Nikauliza mbona wasimchukue fundi wa Mbita, ambaye yuko karibu. Akasema fundi wa Mbita anakunywa na Ogweno, ataiharibu kaseti na kusema aliikuta mbovu. Halafu akasema jambo lililonifanya nianze kukusanya vyombo vyangu. Joash siku zile alikuwa hana sauti. Ugonjwa ulikuwa umekula koo, alikuwa ananong'ona tu. Spika ya tivi peke yake haitafika hata kwa mtu wa kwanza, na uwanjani watajaa watu wanaotafuta sababu ya kusema hawakusikia.

Hiyo ilikuwa kazi yangu. Nilichukua amplifaya niliyoiunda mwenyewe, spika mbili kubwa, na waya mrefu. Issack aliniazima jenereta yake ndogo. Aliniuliza inakwenda wapi, nikamweleza, akainama mwenyewe kuijaza petroli.

Nilifika Mbita Alhamisi. Ijumaa mapema nikapakia vitu kwenye mkokoteni, nikavuka barabara ile ya mawe iliyopitishwa majini, nikaingia Rusinga. Susana alinipokea mlangoni akiwa na mtoto kiunoni. Alikuwa mwanamke mrefu, amenyoa kichwa kwa sababu ya msiba, na macho yake yalikuwa hayatulii mahali. Kabla sijamaliza kumsalimu alisema, "Fundi, kaseti iko ndani ya unga."

"Unga gani?"

"Unga wa ugali. Ndani ya debe."

Nikapandisha sauti. "Mama, nani huweka kaseti kwenye unga? Unajua vumbi hilo linafanya nini kwa deki?"

"Ogweno amepekua hii nyumba mara mbili," akasema. "Amefungua masanduku, amegeuza godoro. Kwa unga hakufika, hiyo ni kazi ya wanawake."

Akaingiza mkono kwenye debe hadi kwenye kiwiko, akatoa kaseti imefungwa kwa karatasi ya nailoni mara tatu, haina hata chembe ya unga. Nikamwomba radhi. Akasema twende kazini.

Tulifungua maboksi. Kila kitu kilikuwa na harufu ya upya, hata ile karatasi ya maelezo haijakunjuliwa. Jenereta niliiweka mbali, nyuma ya jiko, nikaizungushia mawe ili mngurumo wake usishindane na mtu anayenong'ona. Tivi niliweka mezani ndani ya mlango ikitazama nje, nikaizibia mwanga kwa boksi lake, maana mchana kioo hakionyeshi kitu. Spika moja dirisha hili, nyingine dirisha lile. Nikasafisha deki kwa spiriti, nikapunguza besi yote, nikaongeza sauti ile nyembamba, kwa sababu mnong'ono huishi huko juu. Halafu nikatia kaseti.

Mwanamume alitokea, amekonda, shingo imefungwa kitambaa, amekaa kwenye kiti cha mbao mbele ya mlango ule ule. Akakohoa. Akasema kwa Kijaluo, "Mimi ni Joash, na hii ni nyumba yangu." Sauti ilitoka kwenye spika ikiwa safi, ikafika hadi kwenye ua wa katani. Mimi Kijaluo kukiongea navunjavunja, lakini nakisikia vizuri, ukikaa Migori utafanya nini.

Susana alishika fremu ya mlango. Binti yake mkubwa, Mourine, wa miaka tisa hivi, alikuja mbio kutoka jikoni akasimama akitazama tivi, akamtazama mama yake, halafu akarudi jikoni akitembea polepole. Nilitaka kuiacha iendelee lakini Susana akasema, "Zima hapo. Nataka wao waisikie ikiwa mpya."

Nikazima. Ilikuwa bado saa nne. Kikao ni saa nane.

"Na hivi vingine?" nikauliza, nikionyesha boksi la antena na mabomba yake.

Alikuwa anatoka kwenda kuazima viti kanisani, mtoto mgongoni, mawazo yote kwenye hicho kikao. Alisema bila kugeuka, "Fanya vile mwenyewe alitaka." Akaenda.

Sasa hapa ndipo. Kaseti haihitaji antena. Deki, tivi, umeme, basi. Ningekaa kivulini nikangoja saa nane. Lakini mimi nikimwona mtu amenunua kitu kizuri akafa kabla hajakitumia, na kitu chenyewe kiko mbele yangu, na mikono ninayo, siwezi kukaa. Nilisema huyu Joash nitamfungia tivi yake yote. Jioni kaseti ikiisha na mambo yakiwa mazuri, watoto wake waone picha. Hiyo ndiyo ilikuwa nia yangu, na sina mwingine wa kumlaumu.

Nilichimba shimo la mlingoti pembeni ya nyumba. Mwamba. Nikasogea, nikachimba tena, mwamba. Mara ya tatu jembe likarudi likinitikisa mikono hadi mabegani. Kisiwa kile ni jiwe lililopakwa udongo. Nikalitupa jembe na kulitukana. Ngazi ilikuwa nyuma ya jiko.

Lazima niseme jambo moja ili mnielewe. Miaka sita nilikuwa nikifanya kazi kwenye maboma ya Wajaluo, na katika boma lolote lenye mama aliyefiwa, mwenyeji alikuwa akinishika mkono na kunionyesha mahali pa kuchimba: hapa, fundi, simamisha mlingoti wako hapa chini. Sikuwahi kuuliza kwa nini. Nilidhani wanaogopea mabati yasitoboke. Hata nilikuwa nikiwacheka nikirudi kwetu.

Nikapanda. Nilifunga mlingoti kwenye boriti kwa waya, nikaielekeza antena ng'ambo ya ziwa, maana kule picha za Uganda huingia kuliko za kwetu. Nilikuwa juu pale, miguu imetanuka, koleo mdomoni, nilipomwona mwanamume mwembamba amesimama langoni. Alivua kofia. Hakunisalimu wala hakuniuliza mimi ni nani. Alinitazama muda mrefu, kisha akageuka akaita watu wawili waliokuwa wakipita njiani, akawaonyesha kwa kidole. Nao wakanitazama. Nikawapungia mkono.

Susana alirudi na benchi kichwani, watu wa kanisa wakimfuata na viti. Aliponiona, aliliteremsha lile benchi chini kama mtu anayeweka yai.

"Shuka," akasema. Hakupaza sauti.

Nilishuka. Alinivuta hadi jikoni, akafunga mlango.

"Nani alikutuma juu?"

"Hakuna aliyenituma. Chini ni mwamba, mama. Nimejaribu mara tatu."

"Fundi, mwanamume hapandi nyumba ya mjane. Akipanda, huyo ndiye amemchukua. Mnakaa na sisi Migori miaka yote, mnakula kwetu, na hamjui?"

Nikakumbuka wale wote walionishika mkono na kunionyesha pa kuchimba, na jinsi nilivyokuwa nikicheka.

"Nitawaeleza," nikasema. "Nitawaambia mimi ni mtu wa waya tu. Kila mtu ataelewa."

"Usieleze kitu." Alinishika koti. "Ogweno ameona, wale wengine wameona. Imeshatoka. Sasa nisikilize vizuri. Wazee wakikuuliza kama ni wewe, sema ndiyo. Ndiyo tu, neno moja. Halafu uende zako Migori na usirudi hapa maisha yako yote. Mimi sitakutafuta."

"Mama, mimi nina bibi. Mimi ni shemasi kanisani kwetu."

"Mimi pia niko na kanisa, fundi. Ukisikia kaseti utaelewa kwa nini nasema hivi. Nakuomba. Usinifanye nipige magoti na mtoto mgongoni."

Nilitaka kumjibu. Nje mtu akaita hodi, wazee walikuwa wameanza kufika kabla ya saa, na Susana akatoka kuwapa viti.

Walikuwa kama watu arobaini. Wazee kwenye mabenchi, wanaume wengine wamesimama, wanawake nyasini wamenyoosha miguu. Aliyeongoza kikao alikuwa jaduong' Abuto, mzee wa ukoo, mtu mpole kweli, aliniamkia vizuri na kuniuliza kama nimekunywa chai. Ogweno alikaa mwisho wa benchi, kofia juu ya goti. Nilizunguka nyuma nikawasha jenereta, nikarudi, nikabonyeza.

Joash akakohoa. Wanawake wengine walijifunika uso kwa kanga, mmoja akaanza kulia kwa sauti, jirani yake akamziba mdomo ili wasikie. Na walisikia. Mimi niliyeifanya ile kazi nawaambia walisikia kila pumzi.

Alisema mashamba yake yako wapi na mipaka yake ni ipi. Alisema watoto wasome. Halafu akameza mate kwa shida, mnaona kabisa inavyomuuma, akasema: "Susana asipewe mtu. Ogweno, ndugu yangu, nakupenda, lakini usiingie kwa nyumba yangu. Susana akitaka mtu atamchagua mwenyewe. Mtamjua, kwa sababu atampandisha juu ya nyumba yangu mchana, watu wote wakiona. Huyo msimguse, hata akiwa ametoka mbali. Na Susana msimtoe hapa. Asipompandisha mtu, basi akae na watoto wangu peke yake, nyumba ikiwa vile nilivyoiacha."

Ndipo nikaelewa neno lile ndiyo. Kama nisingepanda, Susana angekuwa salama, peke yake, nyumba ikiwa vile ilivyoachwa. Na sasa kwa kuwa nilikuwa nimepanda, alikuwa salama bado, mradi mimi niwe ndiye aliyechaguliwa. Mume wa jina, wa huko Migori, asiyekuja. Joash alikuwa amemwachia milango miwili. Mmoja niliufunga nikiwa na koleo mdomoni, na wa pili ulikuwa mdomoni mwangu.

Kaseti ikaisha, kioo kikabaki cheupe. Jaduong' Abuto alinyanyua kichwa akatazama antena, iking'aa juani kule juu. Kisha akanitazama mimi. Ogweno akasimama.

"Ndugu yangu amesema," akasema. "Mimi nani nipinge mtu aliyekufa. Mwenye amepanda tunamwona. Basi aulizwe yeye mwenyewe, tusimsemee."

Alikuwa mwerevu, yule mtu. Alikuwa ameshaona usoni mwangu kwamba nitakana.

Abuto aliniuliza kwa Kiswahili, polepole, ili nisije nikasema sikuelewa. "Fundi, leo umepanda nyumba ya Joash. Umepanda kama mwanamume wa nyumba hii, ama umepanda kama mtu wa kazi?"

Nilimtazama Susana. Alikuwa amekaa nyasini, mtoto akinyonya, na alikuwa akinitazama bila kupepesa. Hakufanya ishara yoyote. Hakukuwa na haja ya ishara.

Nataka niseme niliwaza mambo makubwa, lakini sivyo. Niliwaza habari zitafika Migori kabla yangu, na bibi yangu Joyline atazisikia sokoni. Niliwaza mzee wa kanisa akiniita mbele. Niliwaza wale wanaume waliosimama, na kama watanidai ng'ombe wa mahari, na kama nitatoka kisiwani na jenereta ya Issack. Na nilijiambia mimi sisemi uwongo, mimi ni mtu wa haki. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba nilijiona mtu wa haki.

"Mzee," nikasema, "mimi ni mtu wa kazi tu. Nilipanda kufunga antena. Mimi na huyu mama hatujuani."

Susana aliteremsha macho.

Abuto aliitazama tena ile antena. Nadhani alitaka nijibu vingine, nadhani hata yeye alikuwa akinisaidia, namna alivyouliza. Kisha akasema nyumba imepandwa na mtu asiye wake. Joash alitaka ibaki vile alivyoiacha, na haikubaki. Haiwezi kuachwa hivyo, italeta chira, laana ile ya kumaliza watoto. Ndugu wa damu airekebishe kwa kumrithi mjane.

Susana alisimama. "Mmesikia sauti yake. Amemtaja Ogweno kwa jina."

"Tumesikia, nyar Uriri, binti wa Uriri," Abuto akasema. "Lakini alisema kabla ya leo."

"Basi nitarudi kwetu Uriri."

"Nenda," Ogweno akamwambia, bila ukali wowote. "Hakuna mtu amekufunga kamba. Lakini watoto ni wa hapa, na huyo anayenyonya pia ni wa hapa."

Alibaki amesimama. Nilidhani atapiga kelele, nilitamani apige kelele, aniite mwongo, anitupie jiwe. Aliketi tena pale pale alipokuwa, akamhamishia mtoto titi la pili.

Watu waliondoka wawili wawili. Wanawake wengine walimshika bega wakipita. Mimi nilikuwa nikikunja waya wa spika, na mikono yangu, ambayo haijawahi kukosea waya, ilikuwa ikiukunja vibaya na kuanza upya. Kabla sijamaliza Ogweno alirudi na mkeka begani na stuli yake. Aliingia ndani, akauegemeza mkeka ukutani, akaketi mbele ya tivi.

"Fundi," akaniita. "Hiyo antena yako inashika? Hebu chomeka tuone."

Ningekataa. Ningemwambia jenereta imeisha mafuta, ningekata ule waya kwa koleo nikaenda zangu. Nilichomeka. Nilizungusha kitufe kidogo, picha ikaja, ya mtu anasoma habari kwa Kiganda, sura yote, haina chenga hata moja.

"Kumbe wewe ni fundi kweli," Ogweno akasema.

Susana alipita nyuma yangu na bakuli la maji, akainama kumnawisha mikono. Hakunitazama. Baada ya dakika chache nilimwambia Ogweno jenereta ni ya watu, nikaizima, nikapakia mkokoteni.

Helen nilimweleza Jumapili. Alinisikiliza akipanga viatu, kushoto na kulia, kushoto na kulia, na nilipomaliza hakunitukana, yeye mwenye ule mdomo. Mwezi uliofuata alihamishia biashara yake upande wa pili wa soko.

Ogweno alikufa mwaka wa tisini na nane. Susana walimzika mwaka uliofuata, na mtoto yule mdogo alikuwa amemtangulia mama yake. Mimi sikuambiwa. Nilisikia kwa Issack, aliyemwona Helen akinunua sanda ya dada yake.

Siku hiyo nilifunga kibanda mapema, nikaenda nyumbani, nikamweleza bibi yangu habari yote. Miaka mitatu nilikuwa nimemficha. Nilimwambia kwamba nilikataa kwa ajili yake, nisimletee aibu sokoni. Nadhani nilikuwa nikitaka aniambie nilifanya vizuri.

Joyline alikuwa anachambua mboga. Aliacha kuchambua.

"Ungesema ndiyo," akasema. "Mimi ningekasirika wiki moja, labda mbili. Halafu ungenieleza."